Hekaya Isifanywe Historia

KILA ifikapo tarehe 17 Machi, kisiwa cha Ayalandi huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Siku hiyo imekuwa ya mapumziko kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1903, na huadhimishwa pia kwa maandamano na mavazi ya kijani katika miji mingi ya ng'ambo walikohamia Waayalandi. Pamoja na shamrashamra hizo husimuliwa hekaya mashuhuri, kwamba mtakatifu huyo aliwafukuza nyoka wote kisiwani hadi wakatumbukia baharini.

Hekaya hiyo haiwapendezi watu wote. Wapo leo, huko Ulaya na Marekani, wafuasi wa dini za kale zilizofufuliwa katika karne ya 20, ambao hujiita wapagani bila ya kuona haya. Baadhi yao hushikilia kuwa nyoka ni fumbo tu, na kwamba waliofukuzwa hasa ni madruidi, yaani makuhani na wajuzi wa dini ya jadi ya Waayalandi. Kwa hiyo siku hiyo wako wanaokataa kuvaa kijani, na wako wanaobandika kifuani beji yenye sura ya nyoka, kuonyesha kwamba nyoka wamerejea.

Sisi tunaona kuwa malalamiko hayo yana kiini cha haki. Hakuna jamii ipendayo kusikia wazee wake wakiitwa nyoka, wala kuona kufukuzwa kwao kukichezewa ngoma. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi, na katika jambo hili ushahidi hauwaungi mkono wenye hekaya, wala wale wanaoifasiri kuwa habari ya mauaji na uhamisho.

Kwanza, nyoka wenyewe hawakuwapo. Katika enzi ya barafu kisiwa hicho kilikuwa na baridi isiyovumilika kwa viumbe hao, na barafu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, bahari ilikitenga kabla hawajafika. Mwandishi wa Kirumi, Solinus, aliandika katika karne ya 3 kuwa Ayalandi haina nyoka, na huyo aliishi kabla ya Patrick. Mtawa Bede naye alisema hivyo mwaka 731, wala hakumtaja Patrick kuwa ndiye sababu. Hekaya ilivuma katika karne ya 12, na hata wakati huo mwandishi Gerald wa Wales aliitilia shaka.

Pili, madruidi hawakufagiliwa siku moja. Palladius alitumwa na Papa mwaka 431 awe askofu wa Waayalandi waliokwisha kuwa Wakristo, na hiyo ni dalili kwamba dini mpya iliingia mapema na polepole. Sheria za kale za kisiwa hicho, zilizoandikwa katika karne ya 7 na ya 8, bado zinawataja madruidi, ijapokuwa kwa hadhi iliyoshushwa. Mtu aliyefukuzwa hadi baharini hatungiwi sheria miaka 200 baadaye.

Hapa hatuna budi kuwatendea haki wapagani hao. Wamo miongoni mwao wasomi ambao wamewaonya wenzao waziwazi kuwa fumbo la nyoka halina msingi. Kadhalika, yeyote atakaye kulalamika hahitaji nyoka. Mtawa Muirchú, aliyeandika maisha ya Patrick katika karne ya 7, anasimulia kwa fahari jinsi madruidi wa mfalme walivyoangamia waliposhindana na mtakatifu huyo. Masimulizi hayo si ushahidi wa mambo yaliyotokea, lakini ni ushahidi wa majivuno ya waliyoyaandika. Hayo ndiyo yanayostahili kujibiwa.

Na Patrick mwenyewe alisema nini? Maandiko yake mawili yamesalia hadi leo, wala hamna nyoka ndani yake. Anaeleza kwamba alitekwa Uingereza akiwa na umri wa karibu miaka 16, akapelekwa Ayalandi, akachunga mifugo kama mtumwa kwa miaka sita kabla ya kutoroka. Baadaye alirudi kuwahubiria watu wa nchi ileile, na katika waraka wake aliwalaani askari waliowaua na kuwateka waumini wake wapya na kuwauza. Kwetu pwani, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, maneno hayo hayahitaji mfasiri. Ni ajabu, na tena ni hasara, kwamba dunia imemkumbuka kwa nyoka wasiokuwapo na kuusahau utumwa uliokuwapo.

Serikali ya Ayalandi yenyewe imeonyesha njia iliyo bora. Tangu mwaka 2023 imeongeza siku ya mapumziko mwanzoni mwa Februari kwa heshima ya Mtakatifu Brigid. Jina hilo ni la mtakatifu wa Kikristo, na pia ni la mungu wa kike wa kale aliyeheshimiwa na washairi. Na tarehe mosi Februari ni sikukuu ya zamani ya kuikaribisha majira ya kuchipua. Wakristo huenda kanisani, wapagani huwasha moto wao, na hapana anayeitwa nyoka.

Kila kisiwa kina hekaya zake, na kila serikali ina kalenda yake ya sikukuu. Maofisa wanaohusika na elimu, utamaduni na utalii wajifunze kutokana na kisa hiki. Hekaya zihifadhiwe na zisimuliwe, kwani ni mali ya wananchi. Lakini kitabu cha shule kiseme bayana kuwa hii ni hekaya na hii ni historia, na mwenye kuwaongoza wageni asiwauzie moja kwa jina la nyingine. Na wale walioudhiwa na hekaya wasiijibu kwa kutunga yao, maana dai la haki likijengwa juu ya jambo lisilotukia, huanguka pamoja nalo siku uongo unapojulikana. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia hiyo haiwi ndefu kwa kuwa aipitaye ameonewa.