Jino Halijarefuka, Ufizi Umerudi Nyuma

Msomaji, uwe Maua, Meru mjini au Embu, jitazame kwenye kioo. Je, jino la upande unaowekea miraa au muguka laonekana refu kuliko wenzake? Halijarefuka. Ufizi umerudi nyuma, mzizi uko wazi, ndiyo sababu chai moto hukushtua. Bonge likaalo shavuni usiku kucha huuchubua ufizi (wanafunzi mnaokesha nalo mnanielewa), na soda ya kushushia huozesha mzizi. Lakini hata asiyetafuna hupatwa: ukoga ulioganda na mswaki mgumu pia husababisha. Ufizi uliokwenda haurudi wenyewe. Daktari wa meno ataondoa ukoga. Pengine atapandikiza nyama ya kaakaa. Ukichelewa, jino hulegea. Leo nunua mswaki laini, usugue polepole.