Usimwahidi Mtoto Kisha Ukatoweka

Ndugu zetu Waislamu, tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, madarasa yamefurika. Mwalimu wa malezi na unasihi naye ana vipindi vyake vya kufundisha. Atamsikiliza nani, amwache nani? Kwa hiyo tunawaunga mkono wanaojitolea kwenda shuleni kuwa walezi wa watoto wasio wao. Kazi yenyewe si kufundisha hesabu. Ni kukaa na mtoto, kumwuliza habari zake na kumsikiliza hadi mwisho. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, na alisimulia ukubwani kuwa hakukaripiwa hata mara moja.

Lakini tuna neno la kuwaonya, nalo linaanzia kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tuliahidi, katika shule moja, kuonana na kijana wa kidato cha pili kila Jumatano baada ya vipindi. Tukaenda majuma matano. Kisha zikaja safari, semina na mazishi, nasi tukaona si kitu. Tuliporudi, mwalimu wake akatueleza kuwa kijana alingoja chini ya mwembe hadi adhana ya Alasiri, Jumatano nne mfululizo, kisha akaacha. Alitusalimia kwa adabu. Siri zake hakutuambia tena.

Baadaye tulisoma utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes, uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Waliofaidika zaidi ni watoto waliodumu na walezi wao mwaka mzima au zaidi. Waliokatishwa ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Hatukuhitaji Wamarekani kutuambia, mwembe ule ulitosha.

Basi anayetaka kuanza na aahidi mwaka, au asianze. Apite kwa mkuu wa shule, na wazazi wa mtoto wajue. Akidaiwa barua ya serikali ya mtaa asikasirike. Sisi tungemhofia mkuu asiyeuliza. Wakae mahali pa wazi panapoonekana na watu, na wasichana wapate walezi wanawake. Nanyi wazazi, msilale: mwulizeni mtoto walizungumza nini.

Na asiyeweza ila mara moja kwa mwezi, aseme hivyo tangu siku ya kwanza, ili mtoto aijue siku yake. Siku atakayopata udhuru, ampigie mwalimu simu kabla ya kengele ya mwisho.