"Inauzwa Haraka, Mwenye Nyumba Ana Shida": Tangazo Ambalo Vijana Tusilipite Tu



Fungua simu yako sasa hivi, ingia kwenye kurasa za madalali wa Dar es Salaam. Ndani ya dakika mbili utakutana nalo: "Nyumba inauzwa haraka, Sinza. Vyumba vitatu, hati safi. Bei milioni 150, maongezi yapo. Mwenye nyumba ana shida." Tumelizoea kiasi kwamba tunalipita kama tangazo la chipsi. Leo naomba tusimame kidogo kwenye yale maneno manne ya mwisho: mwenye nyumba ana shida.

Maneno hayo hayakuambii lolote kuhusu nyumba. Hayasemi kama paa linavuja au kama mvua za masika zinaingia ndani. Yanamsema mwenye nyumba. Yanamwambia mnunuzi kwamba huyu mtu amebanwa, hana muda, ukimkaba kidogo atashuka. Hoja yangu ni hii: katika jiji letu haraka ya mtu mwenye shida imegeuka kuwa bidhaa, wapo watu wanaoishi kwa kuinunua, na serikali iliyotakiwa kuweka uwanja sawa imekaa getini inakusanya viingilio.

Wateja wengi, hela kwa wachache

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, ardhi ni ile ile. Kwa hesabu ya kawaida, mwenye nyumba Magomeni, Ilala au Kijitonyama angekuwa mfalme. Mbona basi akiuza haraka anapigwa?

Kwa sababu wanaotaka nyumba ni wengi, lakini wanaoweza kulipa wiki hii ni wachache. Tanzania ilitunga sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ya kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe wananchi kwa muda mrefu. Hadi leo mikopo yote ya nyumba nchini haijafika asilimia 1 ya pato la taifa. Riba kwa kawaida ni ya tarakimu mbili. Mwalimu, nesi, fundi mwenye karakana yake, watu ambao wangenunua nyumba kwa bei ya haki na kulipa kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano, hawapo kabisa kwenye mashindano. Anabaki mwenye pesa taslimu peke yake, na huyo hana haraka.

Linganisha na Toronto, Kanada, mwaka 2021. Nyumba ilikuwa inatangazwa, wanunuzi kadhaa wenye ahadi ya mkopo wa benki wanapandishiana bei, na mara nyingi inauzwa juu ya bei iliyotangazwa. Kule haraka ilimnufaisha muuzaji, na wanunuzi vijana ndio walioumia. Nao wana balaa lao, siwasifii. Nachosema ni kwamba jiji kuwa ghali hakumfanyi mwenye nyumba awe na nguvu. Nguvu inakwenda kwa yule anayeweza kusubiri.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu

Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya Kiswahili Magomeni, vyumba sita na ukumbi katikati, aliyoachiwa na mumewe. Mwanawe akaugua figo. Bili za kusafisha damu hazingoji, kila wiki zinakuja. Hati ilikuwa bado na jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa. Dalali wa kwanza alimwambia nyumba inakwenda milioni 200. Mnunuzi alipokuja akasema 160. Alipoiona hati akasema 130, "lakini nusu nakupa leo."

Siku kumi na tisa tangu aseme anauza, nyumba ikawa si yake. Mwaka uliofuata jirani yake wa nyumba ya tatu, kiwanja cha ukubwa ule ule, akauza milioni 210. Shangazi sasa yuko Chanika. Mtoto yu hai, tunamshukuru Mungu. Mtu akikuambia mama yule alikosea kuuza, ujue hajawahi kulala kwenye benchi la wodi.

Kwa hiyo simlaumu muuzaji. Naangalia ile tofauti ya milioni 80. Hakuna aliyemwibia kwa kisu. Hati ambayo haikurekebishwa kwa wakati, bei ambayo hakuwa na pa kuihakikisha, na wiki tatu ambazo hakuwa nazo, basi, vimetosha.

Nani anakula kwenye haraka?

Wa kwanza ni dalali wa cha juu. Unamwambia unataka 130, yeye anamwambia mteja 150, ishirini zinaingia mfukoni mwake na bado anadai kamisheni yake. Ukikuta madalali watatu wameshikana mkono, kila mmoja na cha juu chake, mnunuzi anakimbia na wewe hujui kwa nini. Wapo madalali waaminifu, wengine ni vijana wenzetu na ni wanachama wetu. Lakini mimi sijawahi kuona dalali wa mtaani akiulizwa leseni ya kazi yake.

Wa pili ni ofisi ya mtaa. Watu wengi wa Dar wanaishi kwenye maeneo yasiyopimwa, na huko mauziano yanaandikwa mbele ya mwenyekiti. Tunajua wote ile "asilimia kumi" inavyoombwa ili mhuri ugongwe. Sheria haijampa mwenyekiti asilimia hiyo. Na wenyeviti wenyewe ni hawa waliotokana na uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, ambao mnaujua vizuri, sina haja ya kuusimulia.

Wa tatu ni mnada wa mkopo. Hapa vijana someni sheria, itawasaidia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60, na akiuza ahakikishe anapata bei bora inayoweza kupatikana. Kifungu cha 133 kinasema nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa soko, inachukuliwa kuwa wajibu huo umevunjwa mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Maana yake, sheria ya nchi hii tayari inakubali kwamba bei ya haraka ni bei ya kutiliwa shaka. Lakini ni wangapi mtaani kwetu wanaijua wakati gari la matangazo linapita likisema mnada ni Jumamosi?

Wa nne ni serikali yenyewe. Ukiuza unalipa kodi ya faida, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Kama huna kumbukumbu za gharama, na nani ana risiti za saruji ya mwaka 1988, mabadiliko ya mwaka 2023 yanakutoza asilimia 3 ya bei uliyouza au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hapo ndipo pananikera. Umebanwa, umeuza milioni 130. Mthamini anasema nyumba ni ya milioni 180. Unatozwa kwenye 180, yaani milioni 5.4 badala ya milioni 3.9. Umeuza kwa bei ya shida, unalipa kodi kama aliyeuza kwa starehe. Ndiyo, sheria ya 2004 iliwasamehe waliouza makazi yao baada ya kuishi miaka mitatu, lakini faida isizidi milioni 15. Kwa Dar ya leo, milioni 15 ni faida ya kibanda.

Wanaosema tuzuie, na wanaosema tuache

Kuna wenzetu ndani ya chama wanaotaka tudai marufuku: nyumba za familia za Kariakoo, Ilala na Magomeni zisiuzwe, wazawa wasihamishwe. Naelewa uchungu wao. Ukisimama Kariakoo leo ukatafuta nyumba ya Kiswahili iliyobaki katikati ya maghorofa, utahesabu kwa vidole. Lakini sikubaliani nao. Kwa familia nyingi nyumba ndiyo benki pekee waliyonayo. Ukiifunga, shangazi yangu asingepata hata hizo 130. Watu wangeuziana kwa mikataba ya pembeni, na bei ingeporomoka zaidi, maana mnunuzi angesema anajitwika hatari.

Wapo pia wanaosema soko ni soko, mtu kauza kwa hiari yake. Hiari gani hiyo, jamani? Makubaliano kati ya mtu anayejua bei zote za mtaa na mtu asiyejua hata moja, mmoja ana mwaka wa kusubiri na mwingine ana siku tatu, ni halali, lakini tusiyaite ya haki. Kazi ya siasa ni kulipunguza pengo hilo.

Tunadai nini

Moja, bei ziwe wazi. Kila uhamisho wa hati unapita kwa mthamini na kwa watu wa kodi, kwa hiyo serikali inazo bei. England na Wales, bei ya kila nyumba iliyouzwa na kusajiliwa tangu 1995 unaweza kuitazama bure. Sisi mwaka 2021 serikali iliweza kuzifikia nyumba zetu kupitia LUKU ili ikate kodi ya majengo. Ikiweza kuzifikia kukusanya, iweze pia kutuonyesha zinauzwa kiasi gani, bila majina ya watu.

Mbili, madalali wasajiliwe, kila kazi iwe na mkataba wa maandishi, na cha juu cha kificho kiwe kosa. Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984. Haijamaliza utapeli, ila angalau mtu anajua pa kushtaki.

Tatu, ofisi ya ardhi iwe na siku zinazojulikana za kukamilisha uhamisho, na zikipita bila sababu ya maandishi mwananchi asidaiwe ada. Kila wiki ya "njoo kesho" ni milioni kadhaa zinazotoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi mwenye subira.

Nne, anayeuza makazi yake na kulipwa kupitia benki atozwe kwenye hela aliyopokea, na ule msamaha uendane na bei za sasa. Watasema watu watadanganya bei. Ndiyo maana dai hili linakwenda na la kwanza: bei zikiwa wazi na hela ikipita benki, mdanganyifu ataonekana.

Na nyumbani kwako je?

Tusisubiri mpaka tushike dola. Kaa na wazee wako mwezi huu, kwa adabu, muulizane haya.

Hati au leseni ya makazi ina jina la nani? Kama ni la marehemu, fungueni mirathi sasa, wakati hakuna mgonjwa wala ugomvi. Pango la ardhi limelipwa? Deni hilo lazima litoke kabla ya uhamisho. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenza amekubali kwa maandishi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia, na mauzo bila ridhaa hiyo yanaweza kuishia mahakamani.

Ikibidi kuuza, ulizia kwanza bei za nyumba tatu zilizouzwa karibu, na mlipe mthamini aliyesajiliwa. Ada yake itauma, lakini pima na milioni 80. Mpe dalali bei yako kwa karatasi. Usimwambie dalali wala mnunuzi shida yako ni nini. Wakili aandike mkataba, hela ipite benki, hati isitoke mkononi kwa ahadi.

Na kabla ya yote jiulizeni kama lazima iuzwe nyumba nzima. Fremu ya mbele ukiikodisha kwa kodi ya mwaka au miwili ya kulipwa mkupuo, inaweza kuvusha familia kwenye shida bila kupoteza kiwanja. Shangazi hakuna aliyemwambia hilo, kila aliyekuja alikuwa na mnunuzi mfukoni.

Siasa ya makazi kwetu imekuwa ya kusubiri bomoabomoa ndipo tupige kelele. Bomoabomoa huja na tingatinga, kila mtu anaiona na kamera zinakuja. Hii nyingine inakuja na pikipiki ya dalali, kimya kimya, nyumba moja moja, na mwisho wa siku mtaa mzima umehamia nje ya mji. Naomba ajenda hii iingie kwenye kikao kijacho cha tawi lako. Nendeni na mifano ya mtaa wenu: nyumba ngapi zimeuzwa haraka, kwa kiasi gani, na waliouza wako wapi sasa. Tukusanye hayo, kisha tuyapeleke kwa wagombea wetu wa udiwani na ubunge, wayabebe kama madai ya wananchi wao.