Cheti Hakisemi Mwanafunzi Alikwama Wapi

UKITOKA mjini Mwanza ukaipita Mkuyuni, si mwendo mrefu kufika Butimba, kilipo chuo cha ualimu kilichowalea walimu wa Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi. Wanachuo huingia hapo, kama katika vyuo vyetu vingine, na cheti chenye herufi moja ya Hisabati. Herufi hiyo humwambia mkufunzi kwamba kijana ni dhaifu. Haimwambii udhaifu wenyewe ulianzia wapi.

Nalo si jambo dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Kijana aliyekwama kwenye mlinganyo mara nyingi hakushindwa na mlinganyo. Alishindwa na sehemu alizofundishwa shule ya msingi, akaubeba upungufu huo hadi chuoni. Kesho ataupeleka darasani, na watoto wa wakulima na wavuvi watajifunza kwake hofu badala ya hesabu.

Sasa upo mtihani wa kompyuta unaomfuata mwanafunzi. Akijibu sawa, hupewa swali gumu zaidi. Akikosea, hurudishwa nyuma hatua kwa hatua mpaka pale alipokwama, na mafunzo yake yakaanzia hapo. Wako watakaosema hayo ni ya Marekani. Hata hivyo, kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vya kuwafundisha kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 navyo viligawiwa walimu. (Umeme ukikatika, karatasi na mkufunzi mwenye subira vitafanya kazi hiyo hiyo, ila polepole.)

Tunatofautiana kabisa na wanaoitaka mashine hii iwe chujio. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikataa kwamba alama za kidato cha sita pekee zitoshe kumwingiza mtu Chuo Kikuu. Utaratibu ule ulilegezwa baadaye, lakini hoja yake haijafa.

Kwa hiyo tunaitaka Wizara ianze na vyuo vya ualimu. Mtihani huo utolewe wiki ya kwanza, kwa Kiswahili, na majibu yaende kwa mkufunzi wa Hisabati, yasiingizwe katika kumbukumbu za kumfukuza mtu chuoni. Wakufunzi nao wapewe saa za kuwafundisha waliokwama, ndani ya ratiba, si jioni kwa hisani.