Kanzu Iliyochanwa kwa Nyuma: Ni Mchezo Gani wa Upelelezi Ulio Bora?

Kutoka Mambrui hadi Takaungu, siku hizi baada ya sala ya isha mabaraza mengi hupungua watu. Wenye baraza wameingia ndani, wamekaa mbele ya televisheni, wanangoja kujua ni nani aliyeua. Kesho yake, kwenye kahawa, mjadala ni huo huo. Huyu asema mchezo wa jana ulikuwa mzuri kwa kuwa muuaji hakujulikana mpaka dakika ya mwisho. Yule asema haukuwa na ladha, kwani yeye alimjua tangu mwanzo. Nimeusikiliza mjadala huo mara nyingi, na leo nataka kutia neno langu. Naona pande zote mbili zimeshika kipimo kifupi. Kumficha muuaji ni ufundi, lakini ni ufundi wa mfanya kiinimacho. Ukishaijua siri yake, mchezo umekwisha. Mchezo wa upelelezi ulio bora hupimwa kwa swali jingine: ukweli ukishajulikana, unafanywa nini?

Sisi tuliosoma vyuoni tulikipata kipimo hicho tungali wadogo, ingawa hatukujua kwamba siku moja tutapimia michezo ya televisheni. Mwalimu alipotusimulia kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, kilichomo katika Sura ya 12, hakuna mtoto aliyefichwa mkosaji. Tangu mwanzo twajua kwamba ndugu zake ndio waliomtia kisimani, na kwamba damu iliyo juu ya kanzu yake ni ya uongo. Juu ya hayo, hakuna aliyebanduka mkekani. Wafasiri husimulia kwamba baba yao aliitazama ile kanzu akaiona nzima, akastaajabia mbwa-mwitu mwenye adabu kiasi hicho, amlaye mtoto asiichane nguo yake. Huo, ndugu msomaji, ni upelelezi.

Kisha kanzu ya pili. Yusuf ashtakiwa na mke wa bwana wake, naye hana wa kumtetea. Atokea shahidi, na kabla ya kanzu kutazamwa, aweka kanuni: ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke ndiye mkweli, ikiwa imechanwa kwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Angalieni uadilifu huo. Kanuni imetangulia, macho yamefuata. Hakuna aliyeamua kwanza nani ana makosa kisha akatafuta ushahidi wa kumfunga. Kanzu yatazamwa, yaonekana imechanwa kwa nyuma.

Mchezo wa kawaida ungekoma hapo: ngoma zingepigwa, majina ya waigizaji yangepita. Lakini kisa hiki hakikomi. Wakubwa wa nchi ile wameziona dalili zote, wamejua kwamba kijana hana kosa, na baada ya kujua wanaamua kumtia jela. Hapo ndipo ulipo uzito wake. Si kwamba ukweli haukupatikana. Ulipatikana mapema, kisha ukafungiwa mlango, kwa kuwa ulikuwa mzito kwa wenye nyumba.

Kwa kipimo hicho natazama michezo ya wenzetu na ya kwetu. Wamarekani walikuwa na mchezo uitwao Columbo, ulioanza kuoneshwa kwa mfululizo mwaka 1971, na Peter Falk ndiye aliyekuwa yule askari kanzu wa koti lililokunjamana. Kwa kawaida mauaji yalioneshwa mwanzo kabisa, na muuaji wake tukamwona kwa macho yetu. Raha ilikuwa kumtazama mtu tajiri, aliyezoea kutoulizwa, akiulizwa swali moja dogo zaidi. Waliousanifu walijua kwamba mtazamaji anaweza kuambiwa jina la muuaji bila ya kunyimwa hamu.

Nasi Waswahili hatukuwa nyuma. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, akafuatisha Kisima cha Giningi mwaka 1968 na Duniani Kuna Watu mwaka 1973. Katika kile cha kwanza, Bwana Ali akutwa amekufa penye mzimu. Mahali penyewe pamtisha mtu, na ni rahisi kusema kwamba wa kale wamemchukua. Bwana Msa, na kiko chake, hatafuti mzimu. Atafuta mwanadamu mwenye mkono na mwenye sababu. Nawaomba wasomaji wakiweke kisa hicho akilini, kwani nitakirudia nikifika Ganze.

Televisheni ilipoingia Kenya mwaka 1962, haikuchukua muda mrefu wananchi kuonja ladha ya mahakama. Zama za Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, tulikuwa na Vioja Mahakamani. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, mshtakiwa akijitetea kwa maneno ya ajabu mpaka hakimu mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko. Lakini ndani ya kicheko mlikuwa na somo: kwamba hata mwizi wa kuku husomewa mashtaka kwa lugha aijuayo, na husikizwa kabla ya kuhukumiwa. Watu wengi wasiopata kukanyaga mahakamani walijifunza hapo nani akaa wapi, na nani aanza kusema.

Mwaka 2021 ukaja Crime and Justice, uliotengenezwa Nairobi na Showmax pamoja na Canal+ ya Ufaransa. Sarah Hassan na Alfred Munyua walikuwa wapelelezi Makena na Silas, na kesi zao zilifanana na zile tuzisomazo magazetini. Picha zake zilikuwa safi, na waigizaji waliijua kazi yao. Niliyoyakosa ni mawili. Kwanza, Kiswahili kilikuwa mgeni nyumbani kwake, Kiingereza ndicho kilichotawala. La pili ni kubwa zaidi: kesi ilikuja, ikatatuliwa, ikapisha nyingine, na sikupata kukaa na aliyefiwa kiasi cha kuhisi uzito wa maiti ile nyumbani kwake.

Hilo la maiti lataka kusemwa. Kwetu sisi maiti ana haki nne juu ya walio hai: kuoshwa, kuvikwa sanda, kusaliwa na kuzikwa. Katika michezo mingi maiti hana haki hata moja. Ni kitu kilicholazwa sakafuni ili mpelelezi apate pa kuanzia. Hana jina ila katika faili, hana mama, hana deni alilotaka kulipwa. Masheikh wetu wengine husema michezo hii yafundisha uhalifu. Mimi nasema hufundisha uhalifu pale inapoufanya uuaji kuwa mtamu na aliyeuawa kuwa bure. Ukimpa aliyeuawa jina, nyumba na watu wa kumlilia, hakuna kijana atakayetoka na tamaa ya kuua.

Na hapa Malindi tumeonjeshwa tofauti ya mchezo na kweli. Wamarekani walikuwa na mchezo mwingine, CSI, uliooneshwa tangu 2000 hadi 2015, ambao uliwafanya watu duniani waamini kwamba kipimo cha DNA hutoka upesi kama chai ya mkahawani. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, maiti zikaletwa mochari ya hospitali hapa mjini. Zilipita 400, wakiwamo watoto wengi. Jamaa walitoa vipimo vyao, wakangoja. Maiti za kwanza zilikabidhiwa wenyewe Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mchezo gani ungethubutu kutuonesha miezi kumi na mmoja ya mtu anayengoja aambiwe kama mifupa ile ni ya mwanawe? Huo ungekuwa mchezo mkubwa, hata kama ndani yake hamna gari moja lililofukuzana na jingine.

Sitaki kuwahukumu washtakiwa wa Shakahola. Waliyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Lakini la wazi laweza kusemwa. Oktoba 2023 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, Seneta wa Tana River, ilitoa ripoti iliyoonesha kwamba mhubiri yule alikwisha fikishwa mahakamani tangu 2017, na kwamba habari zilipelekwa kwa maafisa wa serikali kabla ya maafa, wasichukue hatua iliyopasa. Tena mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, katika Kilifi hii hii. Msomaji ataona sasa kwa nini nasema swali la nani aliyefanya ni dogo. Swali kubwa la Shakahola ni nani aliyejua, alijua lini, na karatasi ilikwenda kulala katika meza ya nani.

Mchezo nilioutazama ukaliuliza swali hilo mpaka mwisho ni The Wire, wa mji wa Baltimore, uliooneshwa kutoka 2002 hadi 2008. Aliyeuanzisha, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la mji huo, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi, kisha mwalimu wa shule. Katika misimu mitano walitoka kwa wauza unga, wakaenda bandarini, wakaingia kwa wanasiasa, wakapita shuleni, wakamalizia gazetini. Msimu wa bandari waanzia kwa wanawake waliokutwa wamekufa, wengi wao ndani ya kontena, na kwanza wakubwa wanabishana: hesabu ya vifo hivi iandikwe katika daftari la nani? Mtu aliyekulia karibu na bandari ya Kilindini hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Wapelelezi wanajua mengi, ila ofisi haitaki kujua, kwani ukweli utaharibu takwimu. Ni kanzu iliyochanwa kwa nyuma, na jela ile ile.

Sasa twende Ganze, kama nilivyoahidi. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kushutumiwa uchawi. Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliosalimika, na imeripotiwa kwamba wako wazee wanaotia nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaletee mauti. Mvi, ambazo kwetu Pwani, Mswahili na Mmijikenda, zilikuwa ndizo zinazompatia mtu kiti cha mbele! Ripoti za magazeti na za watetezi wa haki zimerudia jambo moja: nyuma ya neno uchawi mara nyingi kuna shamba. Mzee ana ardhi, vijana wataka kuiuza, na mzee hafi upesi.

Angekuwako Bwana Msa, angelijua hilo kabla ya kiko chake kuzimika. Asingemtafuta mchawi wala mzimu. Angeuliza shamba liliandikwa jina la nani, na nani alikwenda kumtafuta mnunuzi. Mchezo huo haujaandikwa kama upasavyo kuandikwa. Watengenezaji wa bara wakija huku wanataka mnazi, jini, mzungu ufukoni na kijana wa unga. Hata mauaji ya wazee wangeyafanya kisa cha uchawi, kwa kuwa uchawi una picha nzuri kuliko hati ya shamba. Kumbe hati ya shamba ndiyo inayotisha.

Yuko atakayeniambia: ewe mwandishi, watu wamechoka, mchana kutwa wako baharini na mashambani, usiku wataka kustarehe, wewe wawaletea hati za mashamba na meza za serikali? Neno hilo lina haki yake. Siwanyimi watu starehe, nami mwenyewe hukaa nikamngoja mwizi akamatwe kama wengine. Lakini kisa cha Yusuf kimesikilizwa na watu waliochoka kwa zaidi ya miaka 1,400, na hakuna aliyelalamika kwamba chachosha. Mtu hachoki kwa uzito wa jambo. Huchoka kwa kupotezewa wakati.

Basi kwa vijana wetu wa Malindi, Kilifi na Mtwapa wanaojifunza kuandika michezo, na kwa vituo vitakavyowanunulia kazi zao, nina jambo moja la kuwaachia. Nimesema kwamba katika nyumba ile ya Yusuf alitokea shahidi. Sikusema alikuwa nani. Kur'ani yatueleza kwamba alikuwa mtu wa jamaa za yule mwanamke. Hakuwa jirani, wala adui, wala askari. Alikuwa wa damu yake, na alisema lililo kweli huku akijua litamwangukia nani. Kesi za wazee wa Kilifi hukwama hapo hapo, kwa kuwa walioona ni watoto, wakwe na wajukuu, na kila mmoja ana sehemu yake katika shamba. Mwandikeni mtu huyo: mjukuu aliyeuona mlango ukifunguliwa usiku, aliyeitambua sauti, na ambaye asubuhi ataitwa na chifu aulizwe. Muuaji twaweza kumjua tangu dakika ya kwanza. Tutakaa mpaka mwisho kumtazama mjukuu, tuone kama atasema.