Wachumba Waonane Wapi?

Liko neno linalosemwa sana hapa Manundu, nami nataka kulipinga waziwazi. Neno lenyewe ni hili: kwamba binti aliyeposwa, akienda Dar es Salaam kwa kazi au kwa masomo, kisha akaonekana akitembea na mchumba wake, basi huyo amekwisha kupotea, na wazazi wake wametiwa aibu. Watu wazima hulisema neno hili wakitoka kanisani, nao hudhani wamesema neno la dini.

Hao hudhani kwamba wazee wetu walioana bila kuonana. Si kweli. Mto Pangani ulikuwa na njia zake, na jioni vijana na wasichana walipishana katika njia hizo, huyu na mtungi wake, huyu na jembe lake. Walionana shambani, na mavunoni, na msibani. Kabla mshenga hajatumwa, kijana alikuwa amekwisha kujua kama binti yule ni mvivu, na binti alikuwa amekwisha kusikia jinsi kijana amjibuvyo mama yake. Kijiji kizima kilikuwa mahali pa kuonana, tena machoni pa watu. Sisemi kwamba maovu hayakutendeka njiani. Yalitendeka. Lakini hapana mzee aliyeagiza watu wasiende mtoni.

Mjini mambo ni mengine. Kijana amepanga chumba Mbagala, binti akaa Tegeta kwa shangazi yake, na baina yao uko mji mzima. Akienda kwa shangazi, aambiwa kwamba si desturi. Wakisimama njiani, wasengenywa. Basi vimebaki viwili tu, chumba cha kijana na nyumba ya pombe. Sisi wenyewe kwa ukali wetu tumewasukuma huko, kisha twawalilia.

Nao vijana sitawaacha. Siku hizi wengi wao hudhani kwamba uchumba hauwi uchumba pasipo meza ya hoteli. Kijana wa mshahara mdogo hukopa fedha kwa simu, huazima shati, huketi mbele ya sahani ya kuku ambaye bei yake ingemlisha juma zima, na picha zake hufika Manundu kabla kuku mwenyewe hajapoa. Hapo watajuana namna gani? Kila mmoja amevaa uso wa sikukuu. Mtu hajulikani akiwa anahudumiwa. Hujulikana akichoka, akisubiri, akipungukiwa na nauli, akikanyagwa mguu na mtu asiyemjua.

Mtumwa wa Ibrahimu alipotumwa kumtafutia Isaka mke, hakumwalika msichana karamuni. Alisimama kisimani, akaomba maji, akatazama. Rebeka akamnywesha, kisha akawatekea maji na ngamia wake kumi. Ngamia mmoja mwenye kiu aweza kunywa lita 100 kwa mara moja, basi msomaji na apige hesabu mwenyewe, aone kama ile ilikuwa kazi ya madaha. Naye Boazi alimwona Ruthu shambani, akiokota masazo ya shayiri.

Dar es Salaam nayo ina visima vyake, ila sharti vitafutwe. Kiko kivuko cha kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Nauli yake ni ndogo, msongamano wake ni mkubwa, na ndani yake utaona kama kijana humpisha mama mwenye mzigo, au hutangulia yeye. Najua posa moja iliyovunjwa kwa sababu wachumba walionekana pamoja katika kivuko hicho, mchana wa jua, katikati ya mamia ya watu. Kama wangalijifungia chumbani, asingaliwaona mtu, na posa ingalikuwapo hata leo! Karibu na kivuko liko soko la samaki la Feri. Waende hapo alfajiri, wanunue samaki, wampelekee shangazi. Asiyeweza kupatana bei pasipo matusi atajulikana upesi.

Muhimbili pia wanaweza kwenda, saa ya kuwatazama wagonjwa, maana ni nani kati yetu asiye na ndugu aliyelazwa huko? Wengine watacheka wakisikia hayo. Na wacheke. Kitandani mwa mgonjwa ndipo ahadi ile ya raha na shida, ambayo wataitamka mbele ya kasisi, inapoonekana sura yake.

Wapendao mambo ya elimu wana Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo ndiyo yenye lile fuvu la kale alilolivumbua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Hapo hawatakosa la kubishana, na ni heri binti ajue mapema jinsi mwenziwe abishanavyo. Wakichoka, bustani ya miti waliyoianzisha Wadachi mwaka 1893 iko jirani. Kijitonyama kiko Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba zilizojengwa kwa namna za makabila yetu. Hapo kila mmoja aweza kumweleza mwenziwe mila za kwao, naye akasikilizwa au asisikilizwe. Tena tangu Juni 2024 iko treni mpya ya umeme, nayo huwafikisha Morogoro na kuwarudisha siku ile ile. Ilipoanza, nauli ya kwenda ilikuwa shilingi 13,000. Hizo si kidogo, lakini safari hufunua tabia kuliko kuku.

Nimejibiwa hivi: Mwalimu, wakitembea hivyo wataonana makosa, kisha wataachana. Naam, wengine wataachana. Je, mwataka wayaone lini? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka kusudi la kuoana litangazwe siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi alete. Na kanisani twatangaza hivyo hivyo. Twawapa majirani nafasi ya kupinga, na wale wawili wenyewe, ambao yawahusu kuliko wote, twawanyima nafasi ya kujua kama wana la kupinga.

Basi nawaomba wazazi wa Manundu waliowapeleka binti zao kwa ndugu mjini, wawaandikie hao ndugu kwamba mchumba aliyekwisha kujulikana akaribishwe barazani Jumapili baada ya ibada, apewe kiti na kikombe cha chai, na mlango uwe wazi. Wasiopenda hata hilo, na watutajie mahali wanapopakubali wao, kwa jina lake, nasi tutawaambia vijana.