Kasia Lisilo na Bahari: Mashine ya Makasia na Afya ya Msomi

Wahenga waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakizungumzia nyumba pekee. Mwili wa mwanadamu nao huingia nyufa, na aghalabu nyufa hizo huanzia kitini. Mwanafunzi wa Kiswahili huketi darasani, huketi maktabani, kisha huketi tena mbele ya tarakilishi hadi usiku wa manane akiandika tasnifu. Mhadhiri wake naye huketi akiisahihisha. Si ajabu basi kwamba migongo huuma na pumzi hukatika ngazini kabla shahada haijapatikana.

Nchini Kenya, mazoezi yanapotajwa, fikra za wengi hukimbilia mbio. Hilo ni jambo la fahari, lakini mbio hazimfai kila mtu. Kila hatua ya mkimbiaji huyatwika magoti yake mshindo unaozidi uzani wa mwili. Mwenye magoti mabovu hujaribu siku mbili, akaumia, akaacha. Huyo ndiye anayestahili kuelekezwa kwenye mashine ya makasia, ambayo aghalabu hupitwa tu katika kumbi za mazoezi.

Watu wa pwani hutofautisha kafi na kasia. Kafi hushikwa mkononi tu, na mpigaji hutazama aendako. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, na mpigaji huvuta huku ameupa mgongo mwelekeo wa safari. Mashine hii ni ya kasia. Mtumiaji huketi juu ya kiti kinachoteleza, akafunga miguu kwa mikanda na kuvuta mpini uliounganishwa na mnyororo. Katika mashine zinazotumia hewa, mnyororo huo huzungusha gurudumu lenye feni. Kadiri anavyovuta kwa nguvu, ndivyo hewa inavyompinga. Kwa hivyo anayeanza na aliyebobea huweza kutumia mashine moja, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake.

Manufaa yake ni bayana. Kwanza, moyo na mapafu huimarika. Pili, misuli ya miguu, makalio, mgongo, mabega na mikono hufanya kazi kwa pamoja. Wengi hudhani kuwa hii ni kazi ya mikono. Kumbe sehemu kubwa ya nguvu hutoka miguuni. Tatu, uzani wa mwili hubebwa na kiti, hivyo magoti huepushwa na mshindo. Mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Nusu saa ya makasia kwa siku tano hutimiza dakika 150, na misuli nayo hupata sehemu yake.

Isitoshe, makasia hayambagui mtu. Asiya Mohamed Sururu, Mkenya aliyepoteza miguu yote miwili utotoni katika ajali ya garimoshi, aliiwakilisha Kenya katika mchezo huu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Alivuta kwa mabega na mikono.

Wapo watakaosema kuwa hii ni mashine ya matajiri. Ni kweli kwamba bei yake humshinda mwanafunzi. Hata hivyo, mashine moja katika ukumbi wa chuo huweza kuhudumia makumi ya watu kwa siku. Hatari kubwa zaidi ni pupa. Anayevuta akiwa amepinda mgongo kama upinde hujiumiza kiuno. Utaratibu ni miguu kwanza, kisha kiwiliwili, mwisho mikono; na wakati wa kurudi, mikono hutangulia, kiwiliwili hufuata na miguu humalizia. Haraka haraka haina baraka: mivuto 20 hivi kwa dakika yamtosha anayeanza. Mwenye maradhi ya moyo au ya mgongo hana budi kumwona daktari kwanza.

Vyama vya Kiswahili huandaa makongamano na midahalo, navyo hufanya vyema. Lakini lugha hutetewa na watu, na watu wana miili. Chama kitakachotenga saa moja kwa wiki kuwapeleka wanachama wake ukumbini hakitakuwa kimeiacha kazi ya lugha; kitakuwa kimewatunza wanaoifanya.